Beringi Tatu kwa Mwaka Mmoja: Namna ya Kuchagua Beringi na Habu za Pikapu

Wanachuo wenzangu, naomba nianze kwa kukiri. Nilipokuwa mwaka wa tatu wa uinjinia mitambo, kanuni ya maisha ya beringi nilikuwa naijua kichwani. Ningeweza kuiandika ubaoni bila kutazama daftari, na kwenye mtihani niliipasua vizuri tu. Lakini siku niliyowekewa beringi halisi kiganjani na kuambiwa nichague nyingine ya kuziba nafasi yake, niliduwaa kama mgeni stendi.

Ilikuwa likizo, nyumbani Lushoto. Mjomba ana pikapu, Toyota Hilux ya zamani inayoendeshwa na tairi za nyuma, ambayo anaitumia kushusha kabichi na karoti hadi Mombo. Gari hilo si la kutembelea. Ndilo linaloziba pengo la ada yangu pale mkopo unapoishia. Siku hiyo nilikuta limepandishwa jeki, tairi ya mbele kulia imelazwa chini, na mjomba kakaa juu ya ndoo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri. Hii ni beringi ya tatu tangu mwaka uanze, upande huohuo. Wewe si ndiyo injinia wetu? Niambie ninunue ipi."

Nikajibu haraka, kisomi kabisa: "Unazidisha mzigo, mjomba."

Akacheka kidogo. "Mzigo uko nyuma, beringi inakufa mbele. Tena kulia tu. Ya kushoto ina miaka minne haijaguswa."

Nikanyamaza. Makala haya ni matokeo ya kunyamaza kule. Nayaandika kwa sababu wengi wetu hapa chuoni tuna gari la familia, la biashara ya mzee au la mradi wa kijiji ambalo siku moja tutaulizwa habari zake. Na gurudumu likichomoka mteremkoni, hakuna mtihani wa marudio.

Beringi inafanya nini pale

Tairi imefungwa kwa nati kwenye habu. Kwa tairi za mbele za pikapu kama ile ya mjomba, habu inazunguka juu ya spindo, yaani mhimili wa chuma ambao wenyewe hauzunguki. Kati ya habu na spindo kuna beringi mbili: kubwa kwa ndani na ndogo kwa nje. Hizi ni beringi za rola zilizochongoka. Kila moja ina sehemu mbili zinazoachana: koni, ambayo ndiyo yenye rola na kizimba chake na huvaa spindo, na kikombe, ambacho ni pete ya nje inayokazwa ndani ya habu. Nyuma yake kuna sili ya kuzuia grisi isitoke na maji yasiingie.

Kwa nini zimechongoka? Kwa sababu gurudumu halibebi uzito wa kushuka chini tu. Ukikata kona, linasukumwa pia kwa ubavu. Rola iliyolala kwa mshazari hubeba nguvu zote mbili. Mmarekani Henry Timken alipata hataza ya beringi ya namna hii mwaka 1898, wakati magari mengi bado yalikuwa ya farasi, na wazo lake bado linashuka na kabichi za mjomba kila wiki.

Sikiliza kabla hujafungua

Kosa la kwanza ni kubadilisha kitu kisichoumwa. Beringi inayochoka huvuma, na mvumo hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Kata kona usikilize: ukikunja kushoto, uzito wa gari huhamia kulia, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo, shuku upande wa kulia. Ukikunja kulia ukazidi, shuku kushoto.

Kisha weka kigingi tairi nyingine, pandisha jeki, weka stendi au gogo imara chini ya chesi (usiamini jeki peke yake hata siku moja), halafu shika tairi juu kabisa na chini kabisa, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi. Mchezo ukibaki palepale, angalia bolijointi. Na kama tairi linacheza ukilishika kushoto na kulia tu, huenda ni tairodi. Watu wengi wamenunua beringi kutibu ugonjwa wa bolijointi.

Usiitupe iliyokufa

Hapa ndipo kiini cha somo. Tukitoa beringi mbovu, wengi wetu huitupa kwenye ndoo ya taka na kukimbilia dukani na jina la gari mdomoni. Nakuomba ufanye kinyume. Ioshe kwa dizeli au mafuta ya taa, ikaushe, ipeleke mwangani. Inaeleza kilichoiua, na ukinunua nyingine bila kuyajua hayo, umenunua marehemu mwingine.

Rola na njia zake zikiwa zimebanduka maganda, kama rangi inayochubuka ukutani, huo ni uchovu wa chuma: imefanya kazi mpaka mwisho wa umri wake, au imebebeshwa kuliko uwezo. Rangi ya bluu au kahawia ni moto: grisi ilikwisha, nati ilikazwa kupita kiasi, au breki zilichemka. Kutu na vidoa vyeusi ni maji, kwa hiyo sili ndiyo mtuhumiwa. Njia iliyofifia na kukwaruzwa kote ni vumbi na mchanga. Vishimo vilivyopangana kwa nafasi sawa na nafasi ya rola mara nyingi ni kipigo: shimo kubwa barabarani, au nyundo ya aliyeifunga.

Tulipoosha ile ya mjomba, rola zilikuwa na bluu kidogo lakini hazina maganda. Hoja yangu ya mzigo ikafa hapohapo. Kilichonishangaza kilikuwa nje ya kikombe. Sehemu ile, inayopaswa kukaa tuli ndani ya habu bila kusogea hata unywele, ilikuwa inang'aa na ina mikwaruzo ya mviringo. Maana yake ni moja tu: kikombe kilikuwa kinazunguka ndani ya habu.

Nikachukua kikombe kipya alichokuwa amekwisha nunua, nikakiweka mdomoni mwa habu. Kikazama kwa kidole gumba. Kikombe kinatakiwa kiingie kwa kukazwa, kwa presi au kwa kifaa maalumu, kwa sababu tundu la habu huchongwa likiwa dogo kuliko kikombe kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Kikiingia kwa kidole, habu imekwisha. Tukaangalia vizuri ndani ya tundu, tukakuta vidoa vya sentapanchi vimepigwa duara zima. Fundi aliyefunga beringi ya pili aliona habu imelegea, akaitoboatoboa ili ibane. Ukiifanya hivyo, kikombe kinashikwa na vinundu vichache badala ya uso mzima. Vinundu husagika baada ya safari chache, na kikombe kinaanza kuzunguka upya. Wengine huweka kipande cha kopo la soda. Ni dawa ileile ya kutuliza maumivu.

Kwa hiyo mgonjwa alikuwa habu, na sisi tulikuwa tunazika beringi. Ungemletea mjomba beringi bora kuliko zote duniani, ingekufa kama wenzake.

Hesabu ya mzigo, kwa mahali pake

Sitaki mdhani mzigo hauna maana. Kanuni tuliyosoma inasema maisha ya beringi ya rola hubadilika kwa uwiano wa uwezo wake na mzigo inaobeba, ukipandishwa kwa kipeo cha 10/3. Kwa beringi ya gololi kipeo ni 3. Kiswahili chake: ukiongeza mzigo juu ya beringi ya rola mara moja na nusu, maisha yake hushuka hadi karibu robo. Ukiuzidisha mara mbili, hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Na maisha hayo yenyewe ni yale ambayo beringi 90 kati ya 100 zinatarajiwa kuyafikia, si ahadi kwa kila moja.

Maisha hayo huhesabiwa kwa mamilioni ya mizunguko. Tairi la pikapu lina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo mizunguko milioni moja ni kama kilomita 2,000. Lakini angalizo: mzigo unaoingia kwenye kanuni ni ule unaofika kwenye beringi hiyo, si ule ulioandikwa kwenye karatasi ya mizani. Shehena ya pikapu hukaa zaidi juu ya ekseli ya nyuma. Mbele huongezewa uzito hasa gari linapofunga breki likiteremka, na barabara ya Lushoto hadi Mombo, kwa kona na mteremko wake, ni darasa tosha la hilo. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuipenda kanuni kuliko gari lililokuwa mbele yangu.

Soma namba, pima, usitaje gari tu

Ukifika Gerezani, Kariakoo, au duka lolote la spea mkoani, swali la kwanza ni "gari gani?" Jibu, lakini usiishie hapo. Jina moja la pikapu limebeba vizazi vingi. Hilux peke yake zipo za tairi mbili na za tairi nne, za bolti tano na za bolti sita, zenye ABS na zisizo nayo. Mwenye duka atakupa anachodhani. Wewe nenda na namba na vipimo.

Namba huchongwa ubavuni mwa pete. Kwenye beringi nyingi za milimita, tarakimu mbili za mwisho za namba ya msingi, kuanzia 04, ukizidisha kwa 5 unapata tundu la ndani. Beringi ya gololi 6205: 05 mara 5 ni milimita 25. Beringi ya rola 30206: 06 mara 5 ni milimita 30. Mwanafunzi yeyote, hata wa sheria, anaweza kuikumbuka hiyo.

Sasa angalia mtego. 30206 na 32206 zote zina tundu la milimita 30 na upana wa nje wa kipenyo milimita 62. Ukizijaribu kwenye spindo na kwenye habu, zote zitaingia. Lakini unene wa ya kwanza ni milimita 17.25 na wa ya pili ni 21.25. Milimita nne hizo zinasogeza habu, diski ya breki na mahali nati inapofungia. Ndiyo maana vipimo ni vitatu kila mara: tundu la ndani, kipenyo cha nje, na unene. Chukua vania ya karakana, au omba ya fundi mchongaji. Haigharimu kitu.

Si kila beringi ya rola inafuata milimita. Ziko za inchi ambazo koni na kikombe vina namba tofauti, kwa mfano koni LM67048 na kikombe LM67010. Hapo kanuni ya kuzidisha kwa 5 haifanyi kazi. Andika namba zote mbili. Tena koni mpya usiifunge kwenye kikombe cha zamani, hata kama kikombe kinaonekana kizuri. Vilivyosagana pamoja vitoke pamoja.

Herufi za mwisho nazo zina maana. Kwenye beringi za gololi, 2RS ni kwamba ina sili za mpira pande zote mbili, ZZ ni ngao za bati, C3 ni kwamba ina nafasi kubwa zaidi ya kawaida kati ya gololi na njia zake. Ukiona herufi kwenye ya zamani, usikubali kauli ya "hiyo haina shida, ni ileile".

Habu za kisasa, na habu za mtumba

Pikapu nyingi mpya zimeachana na koni mbili. Zina beringi ya safu mbili iliyozibwa kiwandani. Nyingine inakazwa kwa presi ndani ya kibeba gurudumu, nyingine ni kitu kimoja na habu yake, unafunga kwa bolti. Faida yake ni kwamba hakuna nati ya kurekebisha mchezo kwa kukisia. Hasara ni kwamba ikifa unanunua kipande kizima, na bei inauma.

Kwa hizo, kagua mambo manne kabla ya kulipa. Kwanza, idadi ya bolti na duara lake: Hilux nyingi za tairi nne zina bolti sita kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7. Pili, sensa ya ABS: kuna zenye waya wake na kuna zenye pete ya sumaku ubavuni. Pete ya sumaku ikigeuzwa upande usio na sensa, gari litatembea lakini ABS haitasoma. Tatu, urefu wa kitako kinachoingia ndani. Nne, kama inakuja na bolti za kufungia au inabidi utumie mpya ununue pembeni.

Je, mtumba? Msimamo wangu ni huu: habu ya mtumba inanunulika, beringi ya mtumba hapana. Habu ni chuma kinachopimika. Unaweza kutazama nyuzi za bolti, ufa, na kujaribu kikombe kipya palepale dukani. Kikizama kwa kidole, irudishe. Lakini beringi iliyotumika ina uchovu usioonekana kwa macho, na huwezi kujua imebeba nini huko ilikotoka. Mjomba alipata habu ya mtumba kwenye duka la tatu tulilopita. Mbili za kwanza tulizikataa, na wenye duka walitutazama kama watu wasio na kazi.

Feki

Beringi za majina makubwa zinaigwa. Boksi linaweza kuwa zuri kuliko la kweli. Tazama chuma chenyewe: maandishi yaliyo hafifu, yanayofutika kwa kucha, au namba ya boksi isiyofanana na ya pete, ni sababu ya kuondoka. Baadhi ya watengenezaji, kama SKF ya Uswidi, wana programu ya simu ya kusaidia kuhakiki bidhaa zao. Na bei ikiwa nusu ya ile uliyoambiwa kwenye maduka mengine matano, usijipongeze. Si lazima ununue ya ghali kuliko zote, ila nunua kwa mtu anayekupa risiti na ambaye kesho utamkuta.

Grisi, na mkono wa mwisho

Beringi nzuri huuawa siku ya kufungwa. Kikombe kinasukumwa kwa presi au kwa pete ya chuma laini inayokaa sawasawa, nguvu ikipita kwenye pete inayokazwa. Usisukume beringi ya gololi kwa pete ya ndani ili ya nje iingie, gololi zitaacha vishimo kabla gari halijatoka gereji.

Grisi nayo si grisi tu. Ya kalsiamu ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 100, na habu iliyo jirani na diski ya breki mteremkoni inaweza kulifikia. Ya lithiamu huvumilia hadi karibu 180, na ya lithiamu kompleksi zaidi ya hapo. Chagua iliyoandikwa kwamba inafaa beringi za magurudumu ya breki za diski. Futa ya zamani yote kwanza, kwa sababu grisi za aina tofauti zikichanganywa zinaweza kulainika na kutiririka. Jaza katikati ya rola mpaka itokeze upande wa pili, lakini usishindilie habu nzima. Sili iwe mpya, kila mara.

Kwa koni mbili, nati hukazwa huku tairi likizungushwa ili rola zikae mahali pake, kisha hulegezwa, kisha hukazwa tena kwa nguvu ndogo iliyotajwa kwenye kitabu cha gari hilo. Malizia kwa pini mpya ya kufungia nati. Baada ya kilomita chache, shuka, weka kiganja karibu na habu. Vuguvugu ni kawaida. Ikiwa inaunguza na ya upande wa pili haiunguzi, rudi gereji.

Tulichobaki nacho

Siku ile tulifunga habu ya mtumba iliyopimwa, beringi mbili mpya na vikombe vyake, sili mpya, na grisi ya joto kali. Jumla ilizidi bei ya beringi moja ya haraka, lakini ilikuwa chini ya zile tatu zilizokufa ukijumlisha na siku ambazo kabichi zilinyaukia barabarani.

Nilirudi chuoni na kikombe kile chenye mikwaruzo. Kipo juu ya meza yangu bwenini, nakiwekea kalamu. Mhadhiri akiandika kanuni ya maisha ya beringi ubaoni, nakumbuka kwamba kanuni hiyo inachukulia habu ni nzima, kikombe kimekaa tuli, grisi ni safi na aliyefunga anajua kazi yake. Hayo yote hayapo kwenye herufi za kanuni. Yanatafutwa kwa mkono, kwenye gari lenyewe.

Mjomba alipiga simu juzi. Gari linatembea. Ila sasa anasema kuna mlio upande wa nyuma kushoto, na safari hii hajanunua kitu.

"Njoo kwanza uisome," akaniambia.